Sura ya Tano: Anayetoka Nje ya Dirisha

Kwa kawaida methadoni haitoki kliniki. Mgonjwa anafika dirishani, anataja namba yake, muuguzi anampimia dozi, anainywa palepale mbele ya macho yake, anatamka neno moja au mawili ili ionekane kwamba amemeza, kisha anaondoka. Kesho hivyohivyo, na keshokutwa, Krismasi na Idi zikiwemo. Huo ndio mtindo ulioanza Februari 2011, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipofungua kliniki ya methadoni ambayo haikuwa imetanguliwa na nyingine ya serikali katika Afrika bara kusini mwa Sahara. Ulifuatwa Mwananyamala na Temeke, ukavuka maji hadi Kidongo Chekundu kule Unguja. Tahadhari hiyo ina sababu. Methadoni ni ndugu wa heroini, zote ni jamii ya afyuni, na chupa ikitoka ovyo inaweza kuuzwa mtaani au kumuua mtoto aliyeikuta juu ya meza.

Lakini dawa inayokaa ndani inahitaji mtu wa kwenda nje. Muhimbili ilipoanza, mtumiaji wa unga, yaani heroini, hakuweza kujitokeza tu asubuhi moja na kuomba dozi. Alipitia kwanza kwenye asasi ya kiraia iliyokuwa karibu na mtaa wake, akahudhuria vikao, akafahamika, kisha akapelekwa. Na asasi ilimfahamu kwa sababu ilikuwa na mtu wake aliyemfuata maskani: nyuma ya soko, kwenye jengo lililoishia kwenye msingi, ufukweni kwenye mashua mbovu. Mara nyingi mtu huyo naye amewahi kukaa pale. Kwenye karatasi za mradi anaitwa mwelimishaji rika. Mateja, yaani watumiaji wenyewe, humwita kwa jina lake, au kwa lile alilopewa enzi zake za unga.

Sura hii ni yake. Nimempa sura nzima kwa sababu katika ripoti nyingi yeye huonekana mara mbili tu, kwenye aya ya shukrani na kwenye mstari wa posho. Anachofanya ni tiba. Kina ujuzi wake, kina hatari zake, na kinastahili mshahara. Dirisha lisilokuwa na mtu wa namna hii huhudumia wale wachache waliopata nguvu ya kulifikia wenyewe, na hao kwa kawaida ndio ambao hali zao hazijaharibika sana.

Heroini ilianza kuonekana katika miji ya pwani yetu miaka ya 1980. Njia yake kubwa ni bahari: majahazi hutoka pwani ya Makran, upande wa Iran na Pakistan, yakashuka na Bahari ya Hindi. Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata kilo 1,032 kwenye jahazi moja karibu na pwani ya Kenya. Sehemu kubwa ya mizigo ya aina hiyo husafirishwa mbali zaidi, lakini kinachobaki njiani kinatosha kumaliza mtaa. Kwa miaka mingi vijana waliuvuta unga, wakiuchanganya na bangi na tumbaku kwenye sigara moja. Kuelekea mwaka 2000 ilikuja heroini nyeupe inayoyeyuka upesi kwenye maji, na sindano ikashika kasi Dar es Salaam, Mombasa, Malindi na Unguja.

Mwaka 2005 watafiti waliokuwa wakizungumza na wanawake wanaojidunga jijini Dar es Salaam waliripoti jambo lililowashtua wataalamu wa afya duniani. Mwanamke aliyepata pesa ya kete ya unga alijidunga, kisha papo hapo akavuta damu yake ndani ya sindano na kumpa mwenzake asiye na kitu. Waliamini kwamba damu ile imebeba unga wa kutosha kumpunguzia mwenzake alosto, yaani mateso ya kuukosa unga. Ilifanywa kwa huruma, na ilikuwa njia ya moja kwa moja kabisa ya kupitisha VVU. Tafiti za miaka ile zilikuta takriban watu 4 kati ya 10 waliokuwa wakijidunga jijini wana virusi, na kwa wanawake zaidi ya nusu.

Nikifikiria habari hiyo, kinachonisimamisha ni namna ilivyopatikana. Siri kama ile haisemwi kwa mtu aliyeshika fomu na kukaa upande wa pili wa meza. Ilitoka kwa wanawake wenyewe, pale walipoona anayeuliza hatawacheka wala kuwaitia polisi. Maarifa yanayookoa maisha katika jambo hili huzaliwa maskani, na mwelimishaji rika ndiye anayeweza kuyatoa kule yakafika hospitalini yakiwa bado mazima.

Daktari atakueleza alosto hivi: saa sita hadi kumi na mbili baada ya kete ya mwisho, mwili uliozoea afyuni unaanza kudai. Miayo, makamasi, machozi, jasho la baridi, malaika kusimama, kuharisha, maumivu yanayoingia hadi kwenye mifupa. Hali hufika kileleni siku ya pili au ya tatu, na ndani ya wiki moja hivi inalegea. Maelezo hayo ni sahihi. Mwelimishaji rika anayajua yaleyale kwa saa ya ukutani. Anajua kwamba alfajiri hakuna teja atakayesikiliza habari za kliniki, maana akili yote iko kwenye pesa ya kete ya kwanza. Akishaipata, kwa muda mrefu hawezi pia, maana anasinzia. Katikati kuna kipenyo kifupi ambapo mtu ametulia, stimu imepungua, alosto haijarudi na aibu imeanza kupanda. Kila maskani ina saa zake za kipenyo hicho. Huwezi kuzijua ukiwa unaingia ofisini saa mbili na kutoka saa tisa na nusu.

Akifika, haanzi na kliniki. "Oya kaka, umekula?" Anaangalia mguu wenye jipu. Anauliza nani hajaonekana tangu juzi. Neno "acha" halitumii, kwa kuwa kijana huyu ameshaambiwa hivyo na mama yake, na imamu au mchungaji, na askari, na hakuna hata mmoja kati yao aliyemweleza ataishi vipi usiku wa kwanza wa alosto. Siku ya tatu au ya kumi kijana mwenyewe atauliza: "Hivi wewe ulitokaje?" Mwelimishaji mzuri husubiri swali hilo. Anayelitangulia kwa ushuhuda mrefu wa maisha yake, hata kama una machozi ndani yake, amegeuza ziara ikawa yake mwenyewe, na nimesikia ushuhuda wa namna hiyo mara nyingi vya kutosha kuamini kwamba mafunzo ya kazi hii yangeanzia hapo: namna ya kunyamaza na hadithi yako hadi ihitajike.

Ugumu unaofuata uko ndani ya kliniki yenyewe, kwenye wiki mbili za mwanzo. Dozi ya kwanza ya methadoni huwa ndogo, kwa kawaida miligramu 15 hadi 30, wakati wengi watakuja kutulia kwenye 60 hadi 120. Haina budi kuwa hivyo. Methadoni hukaa mwilini kwa muda mrefu, mara nyingi zaidi ya siku nzima, hivyo dozi ya leo inaikuta ya jana ingali ipo. Kwa siku tano hivi kiwango kwenye damu kinaendelea kupanda hata kama dozi haijaongezwa tone. Mgonjwa yeye anaiona hesabu hiyo kwa upande mwingine. Siku ya kwanza anatoka dirishani akihisi hajapewa kitu. Jioni alosto inamgusa. Anaona ametapeliwa, anatafuta kete, au vidonge vya Valium, au bugizi (vidonge vya Rohypnol) kama yuko Mombasa, ili angalau apate usingizi. Hapo ndipo watu hufia: methadoni inayopanda polepole, juu yake heroini na vidonge, na pumzi inakata mtu akiwa amelala.

Muuguzi atamwonya, tena kwa usahihi. Lakini anaonya saa tatu asubuhi, mbele ya foleni, na hatari inakuja saa nne usiku chumbani Tandika. Anayeweza kuwepo saa nne usiku, kwa simu au kwa miguu, ni mwenzake aliyekwisha kupita hapo. "Siku ya tatu itakusumbua, hata mimi ilinisumbua. Usiongeze kitu juu yake. Kesho tunakwenda wote tukamwambie daktari kwamba haikufikishi asubuhi." Sentensi hiyo ya mwisho ina uzito zaidi kuliko inavyoonekana. Watu wengi waliotoka maskani wamezoea kwamba wakilalamika hospitalini wanaonekana waongo wanaotaka kulevywa zaidi. Wakisindikizwa na mtu anayeaminika pande zote mbili, lalamiko lao linapokelewa kama dalili na dozi inapandishwa kwa utaratibu. Nawafahamu wahudumu wa afya ambao mwanzoni hawakupenda kuona "teja mstaafu" akiingia chumba cha daktari, na baadaye wakawa hawaanzi kazi kabla hajafika.

Kuna jambo jingine la kitabibu ambalo laiti lingefundishwa kwa kila mwelimishaji rika kuanzia Tanga hadi Lamu. Watumiaji wengi wa unga huugua kifua kikuu, na dawa kuu ya kifua kikuu, rifampisini, huchochea ini kuivunja methadoni haraka. Mgonjwa aliyetulia kwa miezi anaanza dozi ya kifua kikuu, na wiki chache baadaye anapiga miayo saa kumi jioni, anatoka jasho, hana usingizi. Kwa anayemtazama kwa mbali, amerudia unga. Ndugu zake wanamsema, naye akichoka kusemwa anarudia kweli. Mwenzake anayemwona kila siku atauliza swali moja: "Umeanza dawa gani mpya?" Kisha atampeleka kliniki ili dozi ipandishwe, na atakumbuka kwamba matibabu ya kifua kikuu yakiisha lazima ishushwe tena. Zamani baadhi ya dawa za VVU, hasa efavirenzi na nevirapini, zilileta matatizo hayohayo. Tangu dolutegraviri ilipochukua nafasi yao shida ya upande huo imepungua. Ya kifua kikuu bado ipo.

Na Ramadhani. Swali linakuja kila mwaka: dozi inafungua saumu, na dirisha linafunguliwa mchana. Kwa mtu ambaye unga ulimtoa msikitini na sasa ameanza kurudi kwenye safu, kufunga ni sehemu ya kupona kwake, wala hakupaswi kuchukuliwa kama usumbufu wa ratiba. Kwa kuwa methadoni hudumu kiasi hicho mwilini, dozi inaweza kuhamishwa taratibu ikaja baada ya futari, mradi kliniki ikubali kufungua usiku. Daktari anaweza kupanga saa. Anayejua ni wagonjwa wangapi wanataka kufunga, na nani anasema anafunga huku hali daku wala futari kwa sababu hana nyumba, ni mwelimishaji rika.

Wapo wanaodhani kazi hii imeletwa na miradi ya wafadhili wa UKIMWI. Ni ya zamani kuliko hapo. Mwishoni mwa karne ya 18, katika hospitali ya Bicêtre jijini Paris, wodi ya wagonjwa wa akili ilisimamiwa na Jean-Baptiste Pussin, fundi wa ngozi aliyefika pale kwanza kama mgonjwa. Aliajiri waliopata nafuu wawahudumie wenzao, kwa kuwa aliona wana upole ambao wahudumu wengine hawakuwa nao, na daktari mkubwa Philippe Pinel akakiri kwamba amejifunza kwake. Mwaka 1953 huko California watu waliotoka kwenye dawa za kulevya walianzisha Narcotics Anonymous, ambamo hakuna mtaalamu, kila mmoja ni mwenzake mwingine. Mwaka 1984 mjini Amsterdam chama cha watumiaji wenyewe kilianza kubadilishana sindano zilizotumika kwa mpya, kwa hofu ya homa ya ini aina ya B, baada ya famasia kukataa kuwauzia. Na mwaka 1996 Dan Bigg na wenzake wa Chicago walianza kuwapa watumiaji naloksoni waondoke nayo, wakati dawa hiyo ilikuwa ikikaa kwenye magari ya wagonjwa na kwenye vyumba vya dharura.

Nisimame kidogo kwenye naloksoni. Ni dawa inayoitoa afyuni mahali ilipojishikiza kwenye ubongo na kurudisha pumzi ndani ya dakika chache. Hailevyi. Aliyepewa kwa makosa hadhuriki nayo. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza iwafikie wote wanaoweza kushuhudia mtu akizidiwa, yaani watumiaji wenyewe, ndugu zao na wanaofanya kazi nao. Ina kasoro moja ambayo lazima ifundishwe: nguvu yake huisha ndani ya nusu saa hadi saa moja na nusu, ilhali methadoni aliyokunywa mtu inaweza kuendelea kufanya kazi siku nzima. Aliyezinduka anaweza kuzama tena. Kwa hiyo kumdunga hakutoshi, lazima mtu abaki naye hadi afikishwe hospitali. Kila inapofungiwa kabatini naloksoni ni sawa na haipo, kwa kuwa anayezidiwa yuko chooni kwa watu au nyuma ya kontena, na aliye karibu naye ni teja mwenzake anayeogopa kupiga simu kwa sababu ya polisi.

Sasa nifike kwenye ugomvi unaoumiza kazi hii kuliko uhaba wa pesa.

Unguja, mwishoni mwa miaka ya 2000, waliopata nafuu walianza kufungua nyumba za kukaa pamoja bila unga, wakapata pia msaada wa wenzao waliopita njia hiyo kutoka Detroit, Marekani. Tunaziita soba, na zimeenea hadi bara. Mtu anaingia, anavumilia alosto akiwa amezungukwa na waliokwisha kuivumilia, anaamka kwa ratiba, anasali, anapika kwa zamu, anahudhuria vikao vya hatua kumi na mbili vilivyofungamanishwa na dini kwa namna ambayo Mzanzibari anajiona yumo. Baada ya miezi kadhaa anatoka. Baadhi ya watu ninaowaheshimu sana katika jambo hili wametoka soba, na wengi wa waelimishaji rika bora wa pwani walianzia humo. Nyumba hizo ziliwapokea watu wakati hospitali haikuwa na chochote cha kuwapa.

Lakini ndani ya nyingi kati ya nyumba hizo, msafi ni yule asiye na kitu chochote mwilini, na aliye kwenye methadoni hahesabiwi. Anaambiwa amebadilisha pusha tu. Siku zake hazipigiwi makofi. Hata ndani ya Narcotics Anonymous yenyewe, katika nchi nyingi, vipo vikundi vinavyomruhusu mtu wa methadoni kukaa na kusikiliza lakini si kuzungumza. Mwelimishaji rika aliyelelewa na mtazamo huo anapokutana na kijana maskani, anamwelekeza kwenye mlango mmoja tu, ule uliomfungukia yeye.

Naheshimu chanzo cha mtazamo huo, ila matokeo yake yanaua. Tafiti za nchi nyingi zimeonyesha kwamba mtu akiwa kwenye methadoni hatari yake ya kufa hushuka kwa zaidi ya nusu. Upande wa pili, aliyekaa miezi minne bila kugusa unga ameshapoteza uzoefu wa mwili. Akiteleza siku moja, atachukua kiasi kilekile alichokuwa akikimudu zamani, na kiasi hicho sasa kinatosha kusimamisha pumzi. Ndiyo sababu wiki mbili za kwanza baada ya kutoka gerezani ni wiki za vifo katika kila nchi iliyofanya hesabu, na wiki za kwanza baada ya kutoka kwenye nyumba ya kuacha dawa hazina tofauti kubwa. Aliyemaliza soba anastahili sherehe. Anastahili pia mwenzake wa kumfuata nyumbani kwa mwezi mzima, ambaye atamwambia waziwazi, mbele ya mama yake ikibidi, kwamba kete ya kwanza baada ya soba ni hatari kuliko zote alizowahi kuzitumia. Baadhi ya watu huogopa kwamba kusema hivyo ni kumtabiria kushindwa. Mimi naona kulinyamazia ndiko kumwacha peke yake.

Mwelimishaji ninayemtaka, basi, anaijua milango yote miwili na hana aibu na wowote. Kijana mwenye umri mdogo, aliyevuta kwa miezi michache na hajawahi kujidunga, mwenye familia inayomsubiri, pengine soba itamfaa. Mwanamume wa miaka kumi na tano ya sindano, aliyeingia soba mara nne na kutoka mara nne, apelekwe dirishani leo.

Mama wa nyumba ni sehemu ya kazi hii, na hafikiwi na kliniki kabisa. Ameibiwa sufuria, televisheni, mahari ya binti. Amefunga mlango wa kijana wake na analia nyuma yake. Mwelimishaji anapobisha hodi na kusema "Shikamoo mama," anaitikiwa kwa mashaka, kwa kuwa naye ana sura ya watu waliokuja kuuza vitu vya wizi. Anakaa kwenye jamvi, anakunywa chai. Hamwombei kijana msamaha. Anamweleza mama dozi inaanza vipi, kwa nini mwanawe atasinzia siku fulani bila kuwa amevuta, na kwamba asimpe pesa mkononi ila anaweza kumlipia nauli kondakta. Mama anayeelewa hayo ni mlinzi bora kuliko yeyote aliyeajiriwa na mradi.

Kwa wanawake wanaotumia unga hali ni nyingine, na waelimishaji wanaume wengi hawaioni. Kwenye foleni za methadoni wanawake ni wachache mno. Wengi wanapata pesa ya kete usiku, kwa kuuza mwili, na asubuhi dirisha likifunguliwa ndiyo kwanza wamelala. Wengine mwanamume wanayeishi naye ndiye anayewaletea unga na hataki waache. Wenye watoto wanaogopa kwamba wakijiandikisha mahali popote watanyang'anywa watoto. Mjamzito anaogopa zaidi kuliko wote, ingawa yeye hasa ndiye anayepaswa kufika haraka, kwani alosto ya ghafla ni hatari kwa mimba na methadoni ni tiba inayopendekezwa kwake. Hakuna mwanamume, hata awe mwema kiasi gani, atakayeyasikia hayo saa saba usiku barazani kwa watu. Anahitajika mwanamke aliyewahi kukaa baraza hilo. Na huyo, kwa kuwa wanawake waliotoka ni wachache na wanatukanwa kuliko wanaume, ndiye mgumu kumpata na mwepesi kumpoteza. Asasi inayomwajiri mmoja tu, ikamwachia mji mzima, imempangia kuanguka.

Kuhusu kuanguka, lazima tuseme bila kuficha. Tunamchukua mtu aliyetoka kwenye unga, tunampa fulana na begi la sindano safi na kondomu, tunamrudisha kila siku mahali ambapo unga unachomwa mbele yake. Anausikia ule mnuso. Anamwona pusha aliyemkopesha zamani. Mwisho wa mwezi anapokea posho ambayo haifiki kodi ya chumba, na mkataba wake unaisha pale mradi unapoisha. Polisi wanafanya msako, wanamkuta na sindano begini, kitambulisho cha asasi hakiwaambii kitu, analala kituoni. Kisha akiteleza mara moja, anafukuzwa siku hiyohiyo kwa sababu "amevunja maadili".

Sijui kazi nyingine ya afya ambapo mfanyakazi akipatwa na ugonjwa anaoutibu anaondolewa bila tiba. Yapo mambo yanayoweza kufanywa, na asasi zilizo makini zinayafanya: kwenda wawili wawili, kutompangia mtu maskani yake ya zamani katika mwaka wa kwanza, kuwa na msimamizi ambaye kazi yake ni kuuliza "wewe mwenyewe unaendeleaje" na kusikiliza jibu, kukubaliana na kituo cha polisi cha eneo, kwa maandishi, kuhusu vitambulisho na begi. Na akiteleza, anatolewa mtaani kwa muda, anapelekwa kwenye tiba akiwa bado ana ajira, kisha anarudi. Mwelimishaji anayejua kwamba akisema ukweli hatapoteza mkate wa watoto wake atausema siku ya kwanza. Asiyejua hivyo ataficha hadi siku ya kuzikwa.

Mshahara ndio msingi wa hayo yote. Nimesikia hoja kwamba ukimlipa vizuri unaua moyo wa kujitolea. Daktari analipwa, muuguzi analipwa, dereva wa gari la mradi analipwa, na hakuna anayehofia mioyo yao. Serikali inayoweka methadoni kwenye bajeti iweke na anayemleta mgonjwa kwenye methadoni, kwa cheo kinachotambulika na mkataba usiotegemea mfadhili wa miaka mitatu.

Kliniki nyingi zina kanuni inayofanana: mgonjwa akikosa dozi siku tatu mfululizo au zaidi, hawezi kurudishiwa kipimo chake kamili, kwa kuwa mwili umeanza kupoteza uzoefu na dozi kubwa inaweza kumdhuru. Inapunguzwa na kupandishwa upya. Kitabibu ni sahihi. Kwa mgonjwa inakuwa adhabu, anarudi kwenye zile jioni za mwanzo alizodhani ameachana nazo, na wengine wakishaisikia hawarudi tena. Kwa hiyo siku inayoamua ni ya pili. Ndiyo siku ambayo jina bado linaweza kutafutwa na mtu akaletwa kabla kanuni haijamfika. Sababu zenyewe mara nyingi ni ndogo: kibarua kilichoanza saa kumi na mbili asubuhi, homa, usiku mmoja mahabusu, nauli. Hasa nauli. Methadoni ni bure, lakini daladala mbili kwenda na mbili kurudi, kila siku ya mwaka, kwa mtu asiye na kazi, si bure.

Kinachotakiwa hapo ni kidogo mno. Saa saba mchana siku ya kwanza, dirisha likifungwa, orodha ya waliokosa impitie mwelimishaji rika, kwa makubaliano ambayo wagonjwa wenyewe waliyatia saini walipojiandikisha. Awe na simu yenye salio. Awe na ruhusa ya kumpigia muuguzi wa zamu moja kwa moja na kumwambia, "Yuko kituo cha polisi, tufanye nini?" Na awe na pesa ya bodaboda ya kwenda kumtafuta na ya kurudi naye wakiwa wawili, iliyoandikwa kwenye bajeti ya kliniki, mstari unaofuata baada ya methadoni yenyewe.